Mbuzi Aliyepewa Nne

Ilikuwa mwaka ule nilipong'olewa jino la mbele. Hapana, subiri. Jino lilikwenda mwaka uliotangulia, maana nakumbuka siku ya mchezo nilicheka huku nimeziba mdomo kwa kofia, na mtu hazibi mdomo kwa kofia kama meno yake yote yako nyumbani. Basi ulikuwa mwaka uliofuata, msimu wa zile mvua za rasharasha ambazo haziloweshi kichwa ila soksi. Ukitaka mwaka kwa tarakimu, kawaulize wenye kalenda. Mimi ni fundi viatu, miaka naihesabu kwa soli.

Ninayetaka kumzungumzia ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Mji mzima ulimwita Bwana Alama, na jina hilo hakupewa na wazazi wake, alilipata kazini. Alikuwa mwandishi wa habari za mpira katika gazeti letu. Kila Jumatatu, chini ya habari ya mechi, alikuwa anaweka majina ya wachezaji wote na kando yake alama, kuanzia sifuri mpaka kumi. Kipa sita. Beki wa kulia tano. Mshambuliaji tatu, "alikimbia sana lakini hatukujua anakwenda wapi." Watu walianza kulisoma gazeti kwa nyuma, kama wanavyokula watoto nyama kwanza.

Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mwembamba, mpole, anatembea kando ya ukuta kama anayeogopa kuusumbua upepo. Lakini kwenye alama hakuwa na ndugu wala rafiki. Siku moja kipa mmoja, jitu la mtu, alikuja kibandani kwangu kushonesha kiatu, akainama mpaka sikioni.

"Mzee, wewe si shemeji yake yule bwana?"

"Ndiye mimi."

"Mwambie ile tatu alinionea. Jua lilikuwa linanipiga machoni."

Nikafikisha ujumbe. Bwana Alama akafikiri kwa haki kabisa, akanijibu, "Shemeji, jua lilikuwa la timu zote mbili." Ikabaki tatu. Kipa yule kiatu chake alikifuata mwezi mzima baadaye, tena alimtuma mkewe.

Na ugonjwa ule haukuishia uwanjani. Chai alikuwa anaipa alama. Kinyozi alimpa alama. Siku ya harusi yao, watu wanacheza, yeye kanivuta pembeni na shati lake jeupe, ananinong'oneza: "Mpishi saba. Mpiga picha nne, anakaa nafasi mbaya. Wewe sita, shemeji, hotuba yako ilikuwa na dakika za nyongeza."

"Na bibi harusi?"

Akashtuka kama nimemtukana. "Bibi harusi hapewi alama! Mechi ndiyo kwanza inaanza."

Na kweli, miaka yote hiyo hakumpa. Dada yangu alikuwa anajivunia jambo hilo kuliko pete. Alikuwa anawaambia wenzake kazini, "Mume wangu anaweza kuliwekea jua alama, lakini mimi hanigusi."

Dada yangu naye nimweleze. Alikuwa posta, dirisha la vifurushi. Mwanamke wa umbo la kujaza mlango, na sauti ya kujaza nyumba. Alikuwa anaimba huku anagonga mhuri: ta-ta, anaimba, ta-ta, anaimba, na waliopanga foleni wanatikisa vichwa bila kujijua. Aliimba kwenye mahafali ya shule, kwenye harusi za wenzake, kwenye siku ya kumuaga bosi. Watu wengi walimsikia. Mumewe hakuwahi hata mara moja, maana watu huimba Jumamosi, na Jumamosi Bwana Alama yuko uwanjani. Kila mara dada alikuwa anamshikia kiti kwa kuweka mkoba juu yake, na kila mara mkoba ndio uliosikiliza mpaka mwisho.

Sasa, palikuwa na kitabu cha watoto ambacho kila aliyepita darasa la pili alikisoma. Habari yake ni fupi. Mbuzi kameza kengele ya shule. Akipata kwikwi, kengele inalia tumboni, na watoto wanatoka nje kucheza. Mwalimu mkuu anamfukuza mbuzi kijiji kizima, hampati, mwisho anaamua mbuzi abaki shuleni, kwa sababu anapiga kengele kwa wakati kuliko mlinzi. Basi. Kurasa chache, picha kubwa. Unakimaliza kabla chai haijapoa.

Mwalimu mmoja wa michezo ya kuigiza, kijana mwenye skafu shingoni hata kukiwa na joto la kukaanga yai, akakigeuza kitabu kile kuwa mchezo wa jukwaani wa nyimbo, wa familia nzima, wa saa mbili. Akatafuta mbuzi mji mzima. Siku moja kaenda posta kuchukua kifurushi, akasikia ta-ta na ule wimbo. Alipofika dirishani hakuulizia kifurushi tena.

"Mama, wewe ni mbuzi!"

Dada akauweka mhuri chini polepole. "Rudia."

"Mbuzi wangu. Nimekutafuta miezi mitatu."

Nasikia meneja alitoka ofisini akidhani kuna ugomvi. Na kweli ulikuwepo kidogo, kabla kijana hajajieleza. Lakini alipojieleza, dada yangu akakubali kabla hajamaliza sentensi.

Kuanzia hapo nyumba ile haikukalika. Alikuwa anafanya mazoezi ya kwikwi akiosha vyombo. Alikuwa analia kama mbuzi bafuni, jirani akaja kuuliza kama wanauza maziwa. Na wiki ya mchezo ilipofika, alimpelekea mumewe tiketi mpaka kitini alipokuwa amekaa na redio yake sikioni.

"Kiti cha mbele kabisa. Katikati. Umenisikia? Nataka nikipata kwikwi nikuone."

"Mm," alisema Bwana Alama. Mtu anayesikiliza mpira redioni, ukimwambia nyumba inaungua atakujibu hivyo hivyo.

"Jumamosi hii hakuna mpira wala nini. Unakuja kunitazama mimi."

"Mm."

Mimi nilikuwepo, nakunywa chai. Nilimwona dada anavyoikunja ile tiketi na kumtilia mfukoni mwa shati, akaupapasa mfuko ule kwa juu, mara mbili, kama mtu anayemlaza mtoto.

Sasa sikia mambo ya magazeti. Ijumaa yake mhariri akamwita Bwana Alama. Mwandishi wao wa mambo ya sanaa alikuwa amekwenda kujifungua, na mchezo wa mbuzi ulitangazwa kila ukuta.

"Kesho nenda ukumbini, uandike."

"Mhariri, mimi ni mtu wa mpira."

"Watu wanaingia kwa tiketi, wanakaa, wanapiga makofi, kuna kipindi cha kwanza na cha pili. Tofauti iko wapi?"

"Mke wangu ndiye mbuzi."

"Na binamu yako ndiye aliyekuwa beki wa kushoto. Ulimpa ngapi?"

"Mbili," alisema Bwana Alama, kwa masikitiko ya haki.

"Basi nenda."

Hayo alinisimulia mwenyewe baadaye, na alinisimulia kwa fahari. Aliona Mungu amempangia: mke anataka aende, kazi inataka aende. Mtu mmoja, safari moja, pande zote zimeridhika. Masikini.

Jumamosi mchana nikavaa koti, nikaenda. Ukumbi ulijaa watoto na harufu ya karanga. Mimi nilipewa kiti cha mstari wa pili, na mbele yangu palikuwa na kiti kimoja kitupu. Mstari wa mbele, katikati. Nikajua cha nani. Taa zikazimwa, kiti bado kitupu. Nikasema moyoni, huyu bwana kaenda uwanjani, leo patachimbika.

Pazia likafunguka. Watoto waliovaa majani walikuwa majani. Mwalimu mkuu, ambaye siku za kazi ni muuza nyama wa sokoni, aliingia na sharubu kubwa za bandia akiimba kwa sauti nzuri sana, nilishangaa, maana dukani hunung'unika tu. Halafu akaingia mbuzi. Dada yangu, na pembe zake, na mkia, na kengele iliyochorwa tumboni. Ukumbi ukapiga makofi. Yeye akaja mpaka mbele, akafungua mdomo, akatazama kile kiti.

Sauti ikatoka nusu.

Basi mchezo mzima ulikuwa hivyo. Anaimba, anatazama kiti. Anakimbizwa, anatazama kiti. Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu wa kugonga kengele halisi kila mbuzi akipata kwikwi, lakini mbuzi mwenyewe alikuwa amepotea, anapata kwikwi pasipohitajika, na kengele inachelewa kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa njiani. Mara moja mbuzi alikimbilia moja kwa moja kwenye mikono ya mwalimu mkuu, ikabidi mwalimu mkuu amwachie na kumwambia kwa kunong'ona, "Kimbia, mama, mimi ndiye adui." Hapo ndipo nilipoziba mdomo kwa kofia.

Mtoto nyuma yangu akamuuliza mama yake, "Mbona mbuzi ana huzuni? Kwenye kitabu hana huzuni."

"Nyamaza, amechoka."

"Kwenye kitabu hachoki."

Huyo alikuwa mhakiki wa kwanza. Wa pili alikuja Jumatatu.

Nyumbani mtu na mkewe hawakuzungumza siku mbili hizo, yeye akishinda gazetini na dada akilala mapema. Jumatatu nililetewa gazeti kibandani na watu watatu tofauti, wote wakicheka. Nilifika darasa la nne tu, tena la nne lenyewe nilichungulia, lakini gazeti nalisoma. Nayaandika maneno yale kama ninavyoyakumbuka:

"Mchezo ulianza kwa kasi, majani yakikaa vizuri katika nafasi zao. Mwalimu mkuu alitawala eneo la katikati kwa sauti safi, ingawa sharubu zake zilitoka uwanjani kabla ya mapumziko na kocha hakufanya mabadiliko. Kitabu kinachosomwa kwa dakika kumi kimechezwa kwa saa mbili. Mvua ya kipindi cha pili haikuwepo kitabuni na hatukujua imesajiliwa lini. Kengele ilichelewa mara nyingi. Mbuzi ana kipaji, lakini alipoteza umakini. Muda wote macho yake yalikuwa kwenye kiti kimoja kitupu cha mstari wa mbele. Mwenye kiti kile, popote alipo, anastahili kadi nyekundu. Alama: Majani saba. Mwalimu mkuu sita. Sharubu mbili. Kengele tatu. Mbuzi nne."

Nikaweka gazeti chini. Nikalichukua tena. Mwenye kiti kile! Nikajiuliza huyu mtu ana wazimu au anatania. Hakuja, halafu anaandika, halafu anajitukana mwenyewe gazetini!

Mji ulifurahi kuliko fainali. Kwa kinyozi walisoma kwa sauti. Mashabiki wa mpira ambao hawajawahi kuingia ukumbi ule wakaanza kubishana kama mbuzi angecheza pembeni angepata ngapi. Na posta, bwana mmoja mwenye kifurushi cha vitabu alichungulia dirishani, akauliza kwa heshima zote, "Samahani, mama. Wewe ndiye nne?"

Wanasema mhuri uliogongwa hapo ulipitiliza mpaka kwenye jalada la kitabu cha ndani.

Jioni ile dada yangu alizitia pembe na mkia kwenye mfuko wa plastiki, akazipeleka kwa kijana wa skafu, akasema, "Tafuta mbuzi mwingine. Mimi nimeolewa na mtu anayenipa alama bila hata kunitazama. Sipandi tena." Akarudi zake nyumbani, akaingia jikoni, na asimsemeshe mumewe.

Kesho yake kijana alinijia kibandani anahema. Skafu ilikuwa imefungwa vibaya.

"Mzee, nisaidie. Jumamosi hii tunarudia, na tiketi zimekwisha. Watu wa mpira wamezichukua zote. Wanataka kumwona mbuzi mwenye nne!"

"Weka mbuzi mwingine."

"Wa akiba ni mimi."

"Hebu lia nisikie."

Akalia. Mbwa aliyekuwa amelala kivulini kwa muuza matunda akaamka, akamtazama, akaondoka mtaa ule moja kwa moja.

"Nitazungumza na dada," nikasema.

Nikaenda jioni ile. Nyumba yao ina sebule, ina jiko, na katikati kuna kijia chembamba. Bwana Alama alikuwa sebuleni, redio imezimwa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Dada alikuwa jikoni, anakoroga sufuria kwa hasira ambayo chakula hakikustahili. Nikaweka kigoda pale kijiani, nikakaa, mguu mmoja upande huu na mmoja ule.

"Haya," nikasema. "Mimi ndiye simu. Semeni."

"Kaka," ikatoka sauti jikoni, "mwambie mume wa dada yako kwamba hata adui akienda kumtukana mtu, huenda kwanza akamwona."

"Shemeji," nikageuka, "umesikia?"

"Nimesikia, mwambie nilimwona."

"Anasema alikuona."

"Mwambie ni mwongo! Kiti kilikuwa kitupu toka pazia linafunguka mpaka linafungwa. Nimekitazama mpaka shingo imeniuma!"

Bwana Alama akainuka nusu. "Ndiyo! Hata mimi niliona! Nimeandika! Mtu gani asiye na adabu anapewa kiti cha mbele halafu haji? Kamvuruga mbuzi mchezo mzima!"

Jikoni kijiko kikanyamaza. Mimi mwenyewe nilimgeukia polepole.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe ulikaa wapi?"

"Juu. Kule kwenye taa, na yule fundi wa taa. Mpira hautazamwi ukiwa kwenye mstari, shemeji, unaona miguu tu. Lazima upande juu uone mpango wote. Nilikuwa juu toka mwanzo."

"Na tiketi yako?"

"Nilimwonyesha wa mlangoni, akaninyooshea kidole huko mbele, mimi nikatafuta ngazi. Nikakaa. Mtu akishakaa anatafuta kiti kingine cha nini?"

Dada akatokea mlangoni mwa jiko, kijiko mkononi, kinadondosha mchuzi juu ya kiatu changu. Sikusogea. Kuna wakati kiatu lazima kivumilie.

"Ulikuwepo?"

"Toka filimbi ya kwanza."

"Nilikuambia kiti gani?"

Akafikiri. Nilimwona anarudi nyuma kichwani, anatafuta maneno yale chini ya kelele za redio. Akayapata. Uso wake ukawa kama wa beki aliyejifunga mwenyewe.

"Cha mbele," akasema. "Katikati."

"Na kadi nyekundu umempa nani?"

Akakaa. Mimi nilitamani kucheka, lakini nilikuwa sina kofia.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Humjui Bwana Alama. Akasafisha miwani yake kwa ncha ya shati, kisha akasema kwa upole wake wote, "Kosa ni langu. Lakini nne inabaki."

"Nini?" dada akasema.

"Siwezi kuibadilisha, mke wangu. Ulicheza nne. Sababu ni mimi, lakini nne ni nne. Nikibadilisha yako, yule kipa atakuja na jua lake."

"Kaka, mwondoe huyu mtu mbele yangu."

"Na tena," akaendelea, maana mtu mwaminifu akianza kuchimba hajui kuacha, "kadi nyekundu ni yangu. Nimeipata kihalali. Mwenye kadi nyekundu hakai uwanjani mechi inayofuata, hata kwenye benchi. Kwa hiyo Jumamosi siwezi kuja."

Ndugu zangu, nimeona watu wajinga kwa ubaya na watu wajinga kwa wema, na wa pili ndio wanaochosha. Dada aliinua kile kijiko. Nikasimama kati yao.

"Ngoja! Shemeji, kwenye mpira kuna rufaa au hakuna?"

"Ipo."

"Inasikilizwa na nani?"

"Kamati."

"Kamati ndiyo mimi. Aliyefukuzwa hukata rufaa, na aliyeumizwa hutoa ushahidi. Kaeni."

Wakakaa, maana hata mtu akikasirika, ukimpa utaratibu anatulia. Nikamuuliza dada, "Mlalamikaji, unataka nini?"

Alitaka kusema maneno makali, nilimwona ameyaweka tayari. Yakamtoka mengine. "Mimi sitaki alama yake. Nataka anisikie naimba. Basi. Nilitaka hicho tu toka mwanzo, na mji mzima umenisikia isipokuwa yeye."

"Nilisikia," akasema Bwana Alama.

"Ulisikia mchezo. Mimi hukunisikia."

Kamati ikasogeza kigoda. Kisha ikatoa hukumu, na hukumu ile nilijivunia siku nyingi: kadi inabaki, lakini adhabu itatumikiwa kwenye kiti kilekile. Mstari wa mbele, katikati, saa mbili kamili, bila kalamu, bila karatasi. Na mbuzi arudi jukwaani, maana hakuna adhabu ya mtu kukaa mbele ya jukwaa tupu.

"Bila kalamu?" aliuliza Bwana Alama, na sauti ikamtoka kama ya mtu anayeambiwa avue suruali.

"Hata ya wino uliokauka."

Dada hakusema ndiyo. Alirudi jikoni. Kisha tukasikia kwikwi moja, ya majaribio.

Jumamosi ukumbi ulikuwa hautambuliki. Watoto upande mmoja, mashabiki upande wa pili na mavuvuzela yao na skafu za timu, kijana wetu wa skafu akaona ndugu zake wamefika. Mwalimu mkuu alipoingia akapigiwa kelele, "Ameotea!" Naye, mtu wa sokoni, aliwajibu, "Mwamuzi hajaona!" na akaendelea kuimba.

Mimi nilikuwa mstari wa pili, na mbele yangu palikuwa na kisogo cha Bwana Alama. Kisogo kile kilikuwa kimenyooka kama cha mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mikono aliiweka mapajani, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinaandika hewani. Alijishika mkono mmoja kwa mwingine, vikatulia.

Mbuzi akaingia. Ukumbi ukalipuka: "Nne! Nne! Nne!" Dada yangu akaja mpaka mbele, akatazama kile kiti.

Kilikuwa na mtu. Mtu mwembamba, ameloa soksi, ametoa macho.

Sasa mimi si mtu wa kueleza nyimbo. Nitasema tu kwamba vuvuzela lililokuwa limeanza karibu yangu halikumaliza. Aliyelishika alilishusha, akalipakata. Dada aliimba ule wimbo wa mbuzi anayeuliza kwa nini watoto wanapenda tumbo lake na si yeye, wimbo wa kijinga kabisa ukiusoma, na sauti yake ikajaa ukumbi kama anavyojaza mlango. Yule mtoto wa Jumamosi iliyopita sikumwona tena, lakini angekuwepo angesema kwenye kitabu haikuwa hivi, na angekuwa sahihi.

Kisha zikaja zile mbio. Mwalimu mkuu anamfukuza mbuzi, mbuzi anakata kona, anakwepa, mashabiki wanashangilia chenga, na sharubu za mwalimu mkuu, zilezile za alama mbili, zikang'oka, zikaruka, zikatua mapajani mwa Bwana Alama.

Aliziokota. Akazitazama. Mkono wa kulia ukatafuta kalamu, ukakumbuka. Kisha akasimama, akasogea mpaka ukingo wa jukwaa, akaiweka miguu yake yote miwili chini sawasawa, akazishika sharubu kwa mikono miwili, akazipeleka nyuma ya kichwa, na akazirusha ndani, kihalali kabisa, kama mpira wa kurusha. Mbuzi akazidaka kwa pembe.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Kijana wa skafu alilia. Mashabiki walikumbatiana na watoto wasiowajua. Dada yangu alicheka mpaka akapata kwikwi ya kweli, na safari hii kengele ikalia papo hapo, maana yule wa nyuma ya pazia alikuwa amechungulia na yeye akasahau kuchelewa.

Jumatatu watu walilikimbilia gazeti. Ukurasa wa nyuma palikuwa na mistari miwili tu: "Mchezo wa mbuzi ulirudiwa Jumamosi. Mwandishi wetu alikaa karibu mno, hakuona mpango wa mchezo, kwa hiyo hakuna alama." Simu za gazeti hazikupumzika siku ile. Mhariri alimfokea, akamwambia aongeze namba hata ya uongo. Alikataa. Wengine walidai wamehujumiwa. Yule kipa alipita kibandani kwangu, akasema sasa ameamini bwana yule ni binadamu, lakini tatu yake bado anaitaka irekebishwe.

Baada ya hapo mchezo ulichezwa Jumamosi nyingi, nikaacha kuhesabu. Bwana Alama akaomba apewe mechi za Jumapili, akawa na kiti chake. Aliendelea kuwapa wachezaji mbili na tatu zao, na chai yangu aliwahi kuipa tano bila aibu. Lakini mbuzi hakumgusa tena.

Mimi ni mtu wa kupenda kujua. Nilimuuliza siku ile tunatoka ukumbini, akajifanya anatafuta mwavuli, na hakuja na mwavuli. Nilimuuliza mwaka uliofuata, na alipostaafu nikamuuliza tena, akaniambia viatu vyangu mwenyewe vinahitaji soli. Nikamuuliza dada, labda alimnong'oneza nyumbani. Akacheka, akaniuliza kama nataka sukari zaidi. Nami bado nauliza, maana hapakuwa na swali dogo kuliko hili: Shemeji, siku ile ulipokaa mbele bila kalamu, yule mbuzi ungempa ngapi?